Nani Abaki na Makasha Yasiyouzika?

Upo mchezo mmoja ambao sijapata kuuona umepangwa juu ya rafu ya duka lolote la Uvira, si katika soko la Mulongwe wala katika mabanda ya Kalundu yanayoielekea bandari, ingawa wapo vijana waliokwisha kuutazama kwenye simu ukichezwa na watu wa mbali, mega zao zikayeyuka, na tamaa ikabaki. Wachezaji wanne au watano huketi kuizunguka meza, kila mmoja akajivika nafsi ya mtu wa kubuni, huyu baharia, huyu mganga, huyu mwizi mwenye huruma. Na mmoja wao, aliye msimulizi na kadhi kwa wakati mmoja, huwaeleza mahali walipo na balaa inayowakabili, kisha dadu hutupwa ili zihukumu kama aliyejitosa mtoni amefika ng'ambo au amechukuliwa na maji. Mwisho wake hapana mshindi wala mshinde. Ipo hikaya tu iliyotungwa na vinywa vingi usiku mmoja, na miadi ya kukutana tena ili kuiendeleza.

Tuseme basi kwamba kijana wa mtaa wa Kakombe ametunga mchezo wa namna hiyo kwa Kiswahili chetu, wenye mashua na dhoruba za Tanganyika, mizimu ya milima ya Itombwe, na maofisa wa forodha ambao ni vigumu kuwashibisha kuliko mizimu yenyewe. Ameuchapa kwa fedha za kuazima, ameutia katika makasha mia, na makasha hayo sasa yamemnyima nafasi ya kulala chumbani mwake. Je, ayauze kwa mkono wake, mnunuzi mmoja baada ya mwingine, au awape wenye maduka wamwuzie, nao wachukue sehemu yao?

Jawabu la haraka, ambalo hupendwa sana na watu wenye elimu ya kalamu wasiopata kusimama nyuma ya kaunta, ni kwamba mwenye duka ni mnyonyaji, anayevuna asichopanda, na kwamba mtungaji mwenye akili atamruka. Kwa juu juu hisabu huwaunga mkono. Katika Ulaya na Marekani, ambako biashara hii imekomaa, desturi ni kwamba msambazaji mkubwa hununua kitabu cha mchezo kwa takriban asilimia 40 ya bei iliyoandikwa jaladani, humwuzia mwenye duka kwa asilimia 50 au 55, na tofauti iliyosalia huwa ni ya duka. Hivyo kitabu cha dola 50 humfikia aliyekitunga kama dola 20 tu, na katika hizo 20 wamo mchapaji, mchoraji na mwenye ghala, kila mmoja akiwa amenyoosha mkono. Akiuza mwenyewe, hupokea 50 nzima, kasoro nauli ya kifurushi. Aliye na penseli na karatasi atauliza: shaka iko wapi? Shaka iko hapa, kwamba hisabu hiyo huyahesabu makasha yaliyouzwa peke yake, wala haiulizi yale yasiyouzwa yamelala kwa nani, na gharama yake imeingia katika kitabu cha nani. Na kwa maoni yangu hilo ndilo swali lenyewe, ilhali zile asilimia ni matawi yake.

Tuitazame historia ya mchezo uliouzaa ukoo huu wote, maana ndani yake mambo yote mawili yamo, kuuza kwa mkono na kuuza kwa duka, tena kila moja katika sura yake kamili. Gary Gygax alikuwa mtu wa mji mdogo wa Lake Geneva, katika jimbo la Wisconsin, mji wa pwani ya ziwa kama huu wetu, ijapokuwa ziwa lao lingeingia katika ghuba moja ya Tanganyika na lisionekane. Alikuwa amepoteza kazi yake ya bima mwaka 1970, akawa anashona viatu nyumbani; na pamoja na Dave Arneson, mtu wa Minnesota, akautunga mchezo ulioitwa Dungeons & Dragons. Alipokosa mchapishaji wa kuukubali, aliunda kampuni na rafiki yake mwaka 1973, wakamwingiza mtu wa tatu mwenye dola 2,000, na mwanzoni mwa 1974 wakatoa nakala 1,000, zilizotiwa makashani kwa mikono yao, kila kasha kwa dola 10. Waliziuza kwa posta, kwa mikutano ya wapenzi wa michezo ya vita, na kwa vijiduka vichache vilivyokubali kujaribu, na kabla ya mwaka kutimia zilikuwa zimekwisha. Nitakalo msomaji alishike ni kwamba hawakuchapa 10,000. Walichapa kile ambacho, kama kingalirudi chote, wangaliona aibu mbele ya majirani lakini wasingalifilisika.

Kampuni ile, iliyojulikana kwa herufi TSR, ilikua ikawa tajiri, na mwaka 1979 ikafunga mkataba na Random House, mchapishaji mkubwa wa New York, ili vitabu vyake viingie katika maduka ya vitabu ya nchi nzima. Ulikuwa ushindi, na hapana aliyeuona kuwa kitu kingine. Lakini biashara ya vitabu katika nchi zile ina sharti moja lililo kongwe, kwamba duka lisichokiuza hukirudisha na kurejeshewa thamani yake. Na kwa mujibu wa mapatano yao TSR ilipokea fedha mara tu ilipoukabidhi mzigo, kabla hata msomaji mmoja hajatia mkono mfukoni. Basi kila fedha zilipopungua palikuwa na kishawishi chepesi: chapa tena, peleka tena, pokea tena. Kampuni ikatoa ulimwengu wa kubuni juu ya ulimwengu wa kubuni, kila mmoja ukimla mwenziwe wateja, na maghala ya mbali yakajaa vitabu ambavyo kwenye daftari vilikuwa vimeuzwa ilhali hakuna aliyevinunua. Mwaka 1996 vilianza kurudi kwa wingi, na kila kilichorudi kilikuwa deni. Mamilioni ya dola yakadaiwa, mchapaji akagoma kuchapa mpaka alipwe, na mwaka 1997 kampuni iliyokuwa mama wa mchezo wote ikauzwa kwa Wizards of the Coast, kampuni ambayo miaka 4 tu nyuma haikuwa na jina. Haikuangushwa na asilimia ya mwenye duka. Iliangushwa kwa kudhani kwamba mali iliyo juu ya rafu ya mtu mwingine ni mali iliyokwisha kuuzwa.

Sisi wa pwani hizi hatuna udhuru wa kushangazwa na hayo, kwa kuwa biashara ya mali kauli, mali inayotolewa leo na kulipwa baadaye, ilitufikia zamani. Wasafiri Burton na Speke walipofika Uvira mwezi wa Aprili 1858, waliukuta mji huu ndio kituo cha mwisho cha kaskazini kwa wafanyabiashara waliokuwa wakipanda ziwa kutoka Ujiji, na nyuma ya wafanyabiashara hao, mwendo wa miezi, walikuwapo matajiri wa Unguja waliotoa vitambaa na shanga kwa ahadi ya kulipwa pembe zitakapofika. Mmoja wao, Taria Topan, alimkopesha mfanyabiashara Tippu Tip kwa namna hiyo, na wote wawili wakatajirika, ingawa sitaki kuisifu biashara ambayo ndani yake mlikuwa na minyororo ya watu. Ninalosema ni kuwa yule tajiri wa Unguja alijua waziwazi kwamba mali yake ingali yake, hata ikiwa imebebwa kichwani mwa mpagazi aliye Manyema, na kwa sababu hiyo aliitoza bei ya hatari. Kijana wetu wa Kakombe, akipeleka makasha kumi kwa mwenye duka kwa mali kauli, hatozi chochote kwa hatari hiyo. Hufurahi tu kuona mchezo wake umekaa kati ya sabuni na betri, na baada ya miezi sita huyapokea makasha tisa yenye vumbi, na la kumi limeliwa na mchwa.

Je, basi, amruke mwenye duka moja kwa moja? Wenzetu wa ng'ambo wamevumbua njia ya kuchukua arubuni kwa umati: tangu Kickstarter ilipoanzishwa mwaka 2009, mtungaji huutangaza mchezo kabla haujachapwa, wanaoupenda hulipa mapema, naye huchapa idadi iliyolipiwa na ziada kidogo. Mwaka 2021 kampuni ya Magpie Games ilipata kwa njia hiyo zaidi ya dola milioni 9.5 kutoka kwa watu zaidi ya 81,000 kwa mchezo mmoja wa aina hii, Avatar Legends. Uzuri wa njia hiyo si ukubwa wa kitita, bali ni kwamba makasha yasiyouzika hayazaliwi kabisa. Hatari imeenda kwa mnunuzi, ambaye huibeba kwa hiari, akijua kwamba huenda akangoja mwaka mzima au zaidi. Walakini orodha ya nchi ambazo wakazi wake huruhusiwa kufungua michango ya namna hiyo ni fupi, na Kongo haimo. Na hata ingalikuwamo, yule Mzungu wa Hamburg aliyekwisha kulipa angalitaka kifurushi chake, na hapo ndipo tungalirudi kwenye matope yetu wenyewe.

Maana hapa kwetu kulipa kumekuwa kwepesi na kupeleka kungali kugumu. Fedha huvuka kwa M-Pesa au Airtel Money kabla mtu hajamaliza kusalimia. Kasha lenyewe, likitakiwa Bukavu, lazima lipande bonde la Ruzizi mpaka Kamanyola, kisha liikabili milima ya Ngomo kama mvua imeiacha barabara ipitike, au lipite upande wa Rwanda na kukutana na forodha mara mbili, na likitakiwa Baraka au Kalemie litafute lori au mashua na mtu mwaminifu wa kulishika. Kila mkono unaolipitisha unastahili kitu. Kwa mzigo wa gunia ishirini gharama hiyo hugawanyika, lakini kwa kasha moja la dola kumi huimeza faida na kuilamba sahani. Hivyo zile 50 nzima za mtu anayejiuzia mwenyewe, ambazo kwenye karatasi zilimshinda msambazaji, huku kwetu huishia mikononi mwa madereva na mabaharia, watu ambao hawatamsemea mchezo wake hata neno moja.

Hebu na tuwatazame wavuvi wa ndagala, ambao tatizo hili wamelitatua bila kalamu. Hukesha na taa juu ya maji, isipokuwa zile siku za mbalamwezi pevu ambazo taa haina kazi, na alfajiri wafikapo ufukweni kina mama wamekwisha kuwangoja na mabeseni. Mvuvi hatembezi samaki mlango kwa mlango mtaani, wala hamwambii mama yule, "Chukua, utakachokosa kukiuza nirudishie." Huuza palepale, kwa bei ndogo kuliko ile ya sokoni, akaenda kulala, na tangu dakika ile mvua ikinyesha juu ya ndagala zilizoanikwa, mvua hiyo ni ya mama. Faida yake kubwa ya baadaye ni halali kwa sababu ameinunua na mvua. Ndiyo insafu ninayoitafuta kati ya mtungaji wa mchezo na mwenye duka: anayetaka sehemu nono ya bei na ainunue na mvua, na asiyetaka kuinunua apewe sehemu nyembamba ya mtu aliyekodisha rafu tu.

Kuna watakaonijibu kwa mfano wa Kinshasa, na mfano huo ni mzuri, nauheshimu. Tangu mwaka 1990 mchoraji aliyejiita Papa Mfumu'eto wa Kwanza alichora na kuchapa vijitabu vya hadithi za picha kwa Kilingala, karatasi hafifu, bei ya mtu wa kawaida, vikauzwa barabarani na masokoni bila kupita katika duka la vitabu, na jiji likavisoma. Je, huo si ushahidi kwamba duka halina haja? Ni ushahidi kwa kitabu cha picha. Mpita njia hukifungua, huona chatu mwenye suti au mzuka wa mjini, hucheka, hununua. Mchezo wa kuigiza nafsi hauna rehema hiyo: ukifunguliwa barabarani ni kanuni na majedwali, kitu kinachofanana na fomu za mamlaka ya kodi, na uzuri wake hauonekani mpaka watu wanne waketi saa mbili na mmoja wao ajue kuwaongoza. Hata bao la mti hujieleza lenyewe, kwa kuwa wawili wakicheza kumi husimama kutazama, na kabla ya jua kutua watatu wamekwisha kuelewa. Kwa hiyo anayeuuza mchezo huu kwa kweli huuza kikao chake cha kwanza, na asiyeweza kukitoa kikao hicho, awe mtungaji au mwenye duka, hana anachouza.

Na hapo ndipo nakiri ubora wa duka, lakini duka la namna moja tu. Wizards of the Coast, wale walioinunua TSR, walipata utajiri wao kwa mchezo wa karata uitwao Magic: The Gathering, uliotoka mwaka 1993 na kuenea kwa vijiduka ambavyo nyuma ya kaunta, au mbele yake, vilitandika meza na viti, watu walikuja kucheza, na kwa kuwa walikuwa pale, wakanunua. Mjini Abuja, katika Nijeria, Kenechukwu Ogbuagu, anayeunda michezo ya mezani na kuichapa papo hapo nchini mwake, alifungua mkahawa wa kuichezea, na sidhani aliufungua kwa sababu ya kupenda kuuza soda. Duka lenye meza hufanya kazi ambayo mtungaji peke yake hawezi, kwani yeye ana jioni moja kila siku na mwili mmoja wa kuipeleka. Akiongoza mchezo Kalundu, Kavimvira italala bila mchezo.

Tatizo ni kwamba maduka yetu ya Uvira hayana meza, na mengi hayana hata nafasi ya mteja wa pili kusimama. Ningemshauri kijana wetu asiyatazame maduka kwa jina, bali atafute mahali penye benchi, taa na mtu anayefaidika watu wakikaa muda mrefu, na mahali hapo tunapo: ni vile vibanda vya kuonyeshea mpira, vilivyo na mota ya umeme na viti vya mbao, ambavyo jioni isiyo na mechi hukaa vitupu na mwenyewe akihesabu mbu. Vipo pia vibanda vya fotokopi karibu na shule na vyuo, ambavyo hutoa kitu ambacho Random House haikuweza kukitoa, yaani kuchapa nakala moja siku ile ile mteja anapoitaka. Kitabu kikikaa ndani ya mashine hakiliwi na mchwa wala hakirudi kuwa deni. Najua mtu wa fotokopi atachapa nakala moja kwa ruhusa na tatu bila ruhusa. Dawa yake si polisi. Kijitabu cha kanuni kiuzwe kwa bei inayokaribia gharama ya karatasi, hata wizi wake usiwe na ladha, na faida itafutwe katika vitu vya kasha ambavyo mashine haitoi: ramani ya kitambaa, vipande vya mti vilivyochongwa, karata nene. Tena mchezo wenyewe utungwe kwa dadu za kawaida za pande 6, zile za ludo zipatikanazo sokoni, kwa kuwa mchezo unaodai dadu ya pande 20 katika mji usiouza dadu hizo umeshajifungia mlango kabla ya mteja kubisha.

Yamebaki mapatano, nami nitayataja kama ambavyo ningependa yaandikwe. Mwenye kibanda anunue makasha matatu kwa fedha taslimu, ayapate kwa asilimia 60 ya bei, na apewe la nne bure kwa sharti kwamba lifunguliwe, likae mezani, lichakazwe na mikono ya watu. Mtungaji naye aje Jumamosi ya kwanza kuuongoza mchezo mpaka apatikane mwenyeji mmoja wa kibanda anayeweza kuuongoza bila yeye. Anayetaka mali kauli asikataliwe kwa jeuri, bali apewe kasha moja kwa asilimia 80, na likirudi lirudi zima. Bei ya mtungaji anayeuza kwa mkono wake isishuke hata faranga moja chini ya bei ya kibandani, kwa maana mwenye kibanda akigundua kwamba kijana yule yule aliyemwuzia makasha anawanong'oneza wateja wa kibanda kwamba kwake nyumbani ni rahisi zaidi, atayaweka makasha chini ya meza na atakuwa na haki. Na mnunuzi wa kibandani asinyimwe anachopewa mnunuzi wa nyumbani: wapo wachapishaji wa Marekani na Uingereza ambao kwa mpango uitwao Bits and Mortar humpa bure anayenunua kitabu dukani nakala ya kusomea kwenye simu, na jambo hilo kwetu halihitaji zaidi ya namba ya WhatsApp iliyoandikwa ndani ya kifuniko.

Zile gharama za Bukavu na Baraka zitapungua siku mtu wa huko atakapochukua makasha ishirini kwa pamoja akayalipia, naye huyo atastahili asilimia kubwa kuliko wote, kwa sababu amenunua barabara pamoja na mvua yake. Mpaka hapo, mtungaji asichape mia ya pili. Na kama mwenye kibanda wa kwanza atakataa kulipia makasha matatu, aulizwe kama atalipia mawili. Akikataa hata hayo huku akisema kwamba mchezo ni mzuri sana na angependa kuusaidia kwa kuuweka dirishani, mtungaji amshukuru, abebe kasha lake, na avuke barabara kwenda kwa mwenye kibanda wa pili kabla mpira haujaanza.